MWALIMU AKIONDOKA, SAUTI YAKE IBAKI

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara wa mifugo pale soko la Garissa akitoa mbuzi kwa mkopo bila kuandika popote, mwisho wa mwezi hubaki kugombana na wateja, na haki yake asiipate. Basi nami leo, ndugu msomaji, nimeishika kalamu nikuulize: sisi wana wa Kaskazini Mashariki tuna mali gani iliyo kubwa kuliko maarifa ya walimu wetu? Na daftari la mali hiyo liko wapi?

Walimu wetu wapenzi, wanafunzi wenzangu, msidhani nazungumzia madaftari ya noti. Hayo tunayo, mengine hata majalada yameng'oka. Nazungumzia somo lenyewe: namna mwalimu anavyolieleza, mfano anaoutoa, mchoro anaouchora huku akizungumza, na lile swali analotutupia ghafla mpaka darasa zima linainamisha vichwa kana kwamba tumedondosha kitu chini ya madawati. Kengele ikilia, kifutio hupita ubaoni na yote hayo huenda na vumbi la chaki. Mwalimu akihamishwa, ndiyo kwaheri kabisa.

Maoni yangu nayatoa waziwazi bila kuzungukazunguka. Naona walimu wetu watengeneze wenyewe masomo ya sauti, picha na video, wakitumia simu walizo nazo mfukoni, na masomo hayo yahifadhiwe shuleni yawe mali ya shule. Tusikae kungoja kila kitu kitoke Nairobi au ng'ambo.

HUKU KWETU MWALIMU NI MSAFIRI

Kuna atakayeniuliza, "Kwani jambo hili si la shule zote za Kenya? Mbona unalifanya letu peke yetu?" Swali zuri. Jibu langu ni kwamba huku kwetu mwalimu leo yupo, kesho hayupo, na mara nyingi si kwa kosa lake.

Tukumbuke tulikotoka, hata kama kukumbuka kunauma. Mnamo Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilishambuliwa na magaidi, na abiria 28 wakauawa. Wengi miongoni mwao walikuwa walimu waliokuwa wakienda kwao kwa likizo. Aprili 2, 2015, hapa mjini Garissa, chuo ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi kilivamiwa na watu 148 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Februari 2018 walimu waliuawa huko Qarsa, kaunti ya Wajir. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti yetu wenyewe ya Garissa. Baada ya hapo Tume ya Kuwaajiri Walimu, yaani TSC, iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji wa eneo hili kwa kuhofia maisha yao.

Jamani, nani angewalaumu? Mwalimu naye ana mama anayemngoja nyumbani. Mimi siandiki haya kumlaumu aliyeondoka. Nawakumbuka kwa heshima wale waliokuja kutufundisha na hawakurudi kwao wakiwa hai. Lakini hebu tazama hasara iliyotupata sisi tuliobaki. Darasa lililokuwa katikati ya mada likabaki katikati ya mada. Hakuna aliyejua mwalimu alifika wapi, wala alikusudia kumalizia vipi.

Kisha, kabla hata vumbi halijatulia, Machi 15, 2020 serikali ikatangaza kufungwa kwa shule zote nchini kwa sababu ya korona. Shule hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka Januari 4, 2021. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilijitahidi. Ilirusha vipindi katika redio ya KBC na katika runinga ya elimu, ikaweka masomo YouTube na katika mtandao wake wenyewe. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi. Kijijini kwetu hapakuwa na umeme. Ili simu ishike mtandao, ilibidi mtu apande juu ya kichuguu na kuinua mkono kama anayeomba mvua. Redio ilikuwepo, ndiyo, lakini ilikuwa ya babu, na babu hakuwa tayari kukosa habari za Idhaa ya Kisomali ya BBC kwa ajili ya sehemu za desimali. Naye mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa ameshaondoka, na hakuna mahali popote tulipoweza kuisikia sauti yake. Laiti kungekuwa na masomo yake kumi tu ndani ya simu ya mama! Tungeyasikiliza chini ya mgunga mpaka tuyakariri.

Hapo ndipo ulipo uzito wa hoja yangu. Somo lililorekodiwa haliogopi barabara mbovu, halihamishwi, na halingoji shule ifunguliwe.

WATU WA SIKIO

Kuna wanaodhani kwamba kusoma kwa kusikiliza sauti iliyorekodiwa ni jambo la Wazungu. Mimi nasema sisi tumelizoea kuliko wao! Jamii ya Wasomali ni watu wa sikio. Kabla ya simu za mkononi, mashairi yalisafiri kwa kanda za kaseti kutoka mji hadi mji, kutoka lori hadi lori, mpaka kwenye kambi za wachunga ngamia. Ule mlolongo maarufu wa mashairi uitwao Deelley, ulioanzishwa na mshairi Gaarriye karibu na mwaka 1980, ulienea kwa kanda za namna hiyo, washairi wakijibizana na watu wakinakiliana. Hata barua za jamaa walio mbali nyingi zilikuwa kaseti: mtu anazungumza upande mmoja, kanda inapelekwa, anajibiwa upande wa pili. Siku hizi nyanya yangu asiyejua kusoma hata herufi moja anatuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp bila kusaidiwa na mtu.

Na dugsi je? Pale mtoto huandika aya zake juu ya loox, ule ubao wa mti, akazisoma kwa sauti, akazirudia, akasahihishwa, akarudia tena mpaka zikaingia moyoni. Kurudia ndiko kunakomjenga. Sasa niambieni, darasani nani anaweza kumwambia mwalimu wa Kemia arudie maelezo ya moli mara saba? Utachekwa mpaka uhame shule. Lakini somo lililorekodiwa unalirudisha nyuma mara saba au sabini, wala halikukunjii uso.

Jambo hili ndilo lililomfanya Salman Khan wa Marekani ajulikane duniani. Mwaka 2004 alianza kumsaidia binamu yake Hisabati kutoka mbali, na mwaka 2006 akaanza kuweka video fupi YouTube ili jamaa zake wengine nao wafaidi. Hakuwa na studio. Jamaa zake walimwambia kwamba walimpenda zaidi akiwa kwenye video kuliko akiwa hai, kwa kuwa kwenye video waliweza kumsimamisha na kumrudisha bila aibu.

Usiseme Marekani ni mbali. Hapa hapa Kenya, Mwalimu Peter Tabichi wa Shule ya Sekondari ya Keriko, kaunti ya Nakuru, alishinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019, tuzo ya dola milioni moja. Shule yake ilikuwa na tarakilishi moja tu, na mtandao wa kubahatisha. Yeye alikuwa akienda kwenye vibanda vya mtandao, anakusanya anachohitaji, anakihifadhi, kisha anakuja kukitumia darasani bila mtandao. Ukipima hali ya Keriko na hali yetu, tofauti si kubwa kama tunavyojisingizia.

Wala Dadaab si mbali. Kambi zile, zilizoanza mwaka 1991, zimo ndani ya kaunti yetu. Kuanzia mwaka 2013 mradi wa BHER uliviunganisha vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi pamoja na vyuo vya York na British Columbia vya Kanada, walimu wa Dadaab wakasomea ualimu papo hapo, sehemu ana kwa ana na sehemu kwa mtandao. Aidha, UNHCR na wakfu wa Vodafone waliweka huko madarasa yenye vishikwambi na umeme wa jua. Mwalimu mkimbizi ameweza kusoma na kufundisha kwa njia hii katikati ya mchanga na mahema. Sisi wa shule yenye kuta na paa tutasema tunakosa nini?

KWA NINI MWALIMU WETU, SI VIDEO YA NAIROBI?

Wenzangu wengine wananiambia, "Bwana wee, video ziko tele mtandaoni. Za nini zaidi?" Ni kweli ziko tele. Lakini heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Na hata ukizishika, nyingi hazitujui sisi.

Chukua mfano wa Kiswahili, somo lililotukutanisha katika chama hiki. Kisomali hakina sauti p, wala v, wala z. Ndiyo maana wengi wetu tukiingia shuleni "pata" inageuka "bata", "vua" inakuwa "fua", na "zaa" inakuwa "saa". Mwanafunzi anataka kusema kwa adabu, "Mimi pia, mwalimu," kumbe amesema, "Mimi bia, mwalimu," naye hajawahi hata kuiona chupa yenyewe! Mwalimu aliyerekodi somo la matamshi Nairobi hana habari na shida hii, kwa maana wanafunzi aliowazoea hawana shida hiyo. Ana haki ya kutojua. Lakini mwalimu wetu wa Kiswahili anajua. Yeye akirekodi dakika kumi za "pata na bata, pia na bia, vaa na faa, zana na sana", akitamka polepole na kutuachia nafasi ya kurudia, atakuwa ametutengenezea dawa ya ugonjwa wetu hasa. Dawa hiyo haiuzwi dukani.

Chukua tena Jiografia. Vitabu vinatufundisha pindi za mto kwa picha za mito ya mbali, ilhali Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, unapinda na kupindua hapa hapa mjini. Mwalimu asimame ukingoni na simu. Atuonyeshe upande wa nje wa pindi, ambako maji yana kasi na yanakula udongo, kisha atuonyeshe upande wa ndani, ambako maji yamepunguza mwendo na kuacha mchanga. Dakika tano zinatosha. Aeleze pia kwa nini mwishoni mwa 2023 maji yalitufurika na kuikata barabara kuu upande wa Madogo, na kwa nini mvua inayonyesha milimani huko juu hutufikia sisi kama mafuriko hata siku ambazo kwetu jua linawaka. Mwanafunzi aliyevushwa kwa mashua wakati ule hatalisahau somo hilo.

Fizikia nayo? Tunao mtungi wa udongo unaopoza maji kwa sababu yanapenya na kuvukizwa. Tunacho nje ya mji kituo cha umeme wa jua cha megawati 50, kilichofunguliwa Desemba 2019. Hisabati? Mwalimu wetu atauliza, "Mzee ana ngamia 60, ukame umechukua asilimia 35, amebakiwa na wangapi?" Hakuna mtoto wa Balambala wala Hulugho atakayesinzia, kwa kuwa wazee wetu wamelipiga hesabu hilo kwa machozi.

Walimu wa sayansi wa Kenya wamekuwa wakihimizwa tangu mradi wa SMASSE ulipoanza mwaka 1998 watumie vitu vya mazingira yao pale vifaa vya maabara vinapokosekana. Mimi naomba tu hatua moja zaidi: wakishalibuni jaribio kwa chupa ya plastiki na mshumaa, walirekodi, lisiishie kwa darasa la mwaka huo.

Kuanzia mwaka 2016 serikali iligawa shule za msingi vifaa vya kidijitali zaidi ya milioni moja. Hilo lilikuwa jema. Hata hivyo kifaa ni sufuria, somo ndilo chakula, na mpishi ni mwalimu. Sufuria peke yake haijawahi kumshibisha mtu.

GHARAMA SI KISINGIZIO

Sasa tuje kwenye pesa, kwani najua mhasibu ananisoma akiwa amekunja uso. Nimepiga hesabu. Sauti ya mtu anayezungumza ikirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde husikika vizuri, na kila dakika huchukua kilobaiti 240 hivi. Somo la dakika 10, basi, ni kama megabaiti 2.4. Kadi ya simu ya gigabaiti 32, isiyozidi ukucha wa kidole, inaweza kubeba zaidi ya masomo 12,000 ya namna hiyo. Shule ikirekodi masomo matatu kila siku ya masomo, kadi moja itakaa karibu miaka 20 kabla haijajaa. Video ya dakika hizohizo huweza kula mara ishirini zaidi. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: sauti iwe ndiyo msingi, picha za ubao ziambatane nayo, na video itumike pale tu ambapo jicho lazima lione, kama jaribio la maabara au ule ukingo wa mto.

Na mtandao? Utumike pale ulipo. Mwalimu akiwa mjini aweke masomo mtandaoni usiku mmoja ambapo mawasiliano ni mazuri, na wa mbali wapelekewe kadi. Minara ya simu katika eneo letu imewahi kulipuliwa mara nyingi, na vijiji vikakaa kimya kwa muda mrefu. Lakini magari hayakomi. Ndugu zangu, ikiwa miraa inatoka Maua na kufika Liboi ikingali mbichi, somo la Kemia litashindwaje kufika?

Kuna mambo madogo ambayo nadhani yatalifanya somo liwe la maana. Somo liwe fupi na la hoja moja. Mwalimu aache kimya cha kutosha baada ya kila swali ili msikilizaji ajibu kabla hajaambiwa jibu. Hili lilijaribiwa hapa Kenya katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, pale watoto wa shule za msingi za mashambani walipofundishwa Kiingereza kwa redio iliyouliza na kungoja wajibu. Kila faili iandikwe jina la somo, kidato na mada, maana faili isiyo na jina ni sawa na mbuzi asiye na alama. Nakala ziwe mbili, moja ofisini na moja maktabani. Mwalimu asipige picha kurasa za kitabu cha mtu na kuzisambaza, kwani huo ni wizi hata kama nia ni njema. Uso wa mwalimu pia si lazima uonekane. Mkono, chaki na sauti vinatosha. Kwa usalama wetu wa huku, na kwa staha ya walimu wasiopenda sura zao zizunguke kwenye simu za watu, jambo hili liachwe kwa hiari ya mwalimu mwenyewe.

PINGAMIZI NINAZOZISIKIA

Najua walimu watasema, "Wewe mtoto, unajua kazi tuliyo nayo?" Naijua, mwalimu. Nakuona ukisahihisha insha zetu mpaka usiku, na insha zenyewe hazikufurahishi. Ndiyo maana nauomba uongozi wa shule usiongeze kazi hii juu ya nyingine kama mzigo juu ya punda aliyekwisha lemewa. Mwalimu apunguziwe kipindi kimoja au viwili kwa wiki, apewe chumba kisicho na kelele, na jina lake libaki kwenye somo lake hata akihamia Kakamega. Tena asirekodi kila kitu. Aanze na mada tatu zinazotushinda kila mwaka. Akizirekodi vizuri, mwaka ujao hatalazimika kuzieleza upya kila jioni kwa kila anayebisha mlango wa ofisi.

Wengine wanaogopa makosa. Kosa la ubaoni hufutwa, la kwenye simu husambaa. Ni kweli. Dawa yake ni mwalimu mwenzake wa somo hilo kusikiliza kabla halijatolewa. Na KICD iendelee na kazi yake ya kuidhinisha vitabu na vifaa vya nchi nzima. Maelezo ya mwalimu kwa wanafunzi wake hayakuwahi kungoja muhuri tangu chaki ivumbuliwe.

Kuna na wale watakaosema simu itatupoteza. Shuleni kwetu, kama shule nyingi, mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, wala siombi ruhusa hiyo. Naomba tarakilishi ya maktaba na kipaza sauti kimoja. Za nyumbani ni simu za wazazi, na likizo ndefu haina haja ya kupita bure.

Lakini pingamizi moja naliogopa mimi mwenyewe, na sitalificha. Naogopa siku ambayo mkubwa fulani atasimama jukwaani na kusema, "Kaskazini Mashariki hamna haja ya walimu tena, kwani mna rekodi." Hapana! Tukatae katakata. Rekodi haimwoni mwanafunzi anayelia nyuma ya darasa. Haijui kwamba fulani hajala tangu jana, wala kwamba msichana fulani anatafutiwa mume ilhali yuko kidato cha pili. Haiwezi kumwita mzazi. Haisahihishi insha. Deni la walimu ambao eneo hili linadai ni deni la kulipwa kwa watu, pamoja na usalama wao na nyumba zao za kuishi. Rekodi ni ya kutusitiri njaa kati ya mlo na mlo. Anayetaka kuifanya iwe mlo wenyewe, huyo anatudhulumu.

TUANZE NA SISI

Sipendi kumaliza kwa kuwatuma wengine tu. Chama cha Kiswahili kinaweza kuanza muhula ujao bila kungoja senti ya mtu. Tumwombe mlezi wetu atuchagulie mada tatu: matamshi, ngeli, na fasihi simulizi. Walimu wazungumze, sisi wanachama tushike simu ya mwalimu, tuhesabu dakika, tuandike majina ya faili, na tusikilize kabla wengine hawajasikiliza. Tusipoelewa sisi, somo lirudiwe. Likifaulu, tuwapelekee shule moja ya msingi ya jirani, na wao watueleze liliwafaa wapi na liliwachosha wapi.

Kwa wakuu wa elimu wa kaunti nina ombi moja. Mwalimu anapohamishwa, hukabidhi vitabu, funguo na rejista. Basi na masomo yake matatu au manne aliyoyarekodi yawe miongoni mwa anavyotuachia. Liwe jambo la heshima, kama mgeni anayepanda mti kabla ya kuondoka.

Wazee wetu husema kwa Kisomali kwamba kukosa elimu ni kukosa nuru. Jua tunalo la kutosha, tena linatuchoma mpaka alasiri. Nuru ninayoisema mimi imo katika vifua vya walimu wetu walio nasi mwaka huu, wenyeji na wageni. Wapo sasa. Simu zipo mifukoni mwao. Ndugu msomaji, nani kati yetu ana hakika kwamba muhula ujao tutawakuta wote?

Tafakari.